Bonde la Todgha na jibu ambalo Ulaya haikulipenda

Novemba 2015 wakuu wa nchi za Ulaya na Afrika walikutana Valletta, Malta, wakiwa na haraka. Mwaka huo zaidi ya watu milioni moja walivuka bahari kuingia Ulaya, wengi wao Wasyria na Waafghani, na vyama vinavyojijenga kwa chuki dhidi ya wageni vilikuwa vinavuna kura. Kikao kikazaa mfuko wa dharura kwa ajili ya Afrika. Hadi ulipoacha kuidhinisha miradi mipya mwishoni mwa 2021, mfuko huo ulikuwa umefikia takriban yuro bilioni 5. Kazi yake, kwa mujibu wa jina lake lenyewe, ilikuwa kushughulikia vyanzo vya watu kuhama bila vibali. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwamo katika orodha ya nchi zilizohusika. Mantiki yake haihitaji maelezo mengi: mpe kijana ufundi na ajira kwao, naye hatakuwa na sababu ya kupanda boti.

Mantiki hiyo ilikuwa imekwisha kupingwa miaka minane kabla, tena si kwa siri. Mwaka 2007 mtafiti wa Kiholanzi, Hein de Haas, alichapisha katika jarida la kitaaluma makala yenye hoja moja: maendeleo hayatazuia uhamaji. Nchi maskini inapoanza kuinuka, alisema, watu wake huondoka zaidi, si kidogo. Atakayesubiri misaada imbakishe Mwafrika kijijini atasubiri sana.

Waliotunga mfuko wa Valletta walikuwa na wataalamu wa kuwasomea makala kama ile. Siamini kwamba hawakuijua. Naamini walitaka jibu la aina nyingine, na wakalinunua. Nimeifuatilia kazi ya de Haas kwa muda kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo linalotuhusu na sisi: namna swali la mwenye bajeti linavyoamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe.

De Haas alizaliwa 1969 na msingi wake ni jiografia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikwenda kusini mwa Morocco, upande wa pili wa milima ya Atlas, katika bonde la Todgha lenye mji wa Tinghir. Ni eneo la mitende na mifereji ya maji iliyogawanywa kwa zamu tangu zamani, na pembeni yake ni jangwa. Alifika chini ya mradi wa utafiti kuhusu uhamaji, ardhi na maji katika oasisi za Maghreb, uliolipiwa na Umoja wa Ulaya huohuo. Kutoka huko akaandika tasnifu yake ya udaktari, iliyotoka Chuo Kikuu cha Nijmegen mwaka 2003.

Nadhani nguvu ya kila alichokuja kusema baadaye inatoka katika bonde lile. Aligonga milango ya kaya zipatazo 500, zenye mtu Ulaya, zenye mtu Casablanca au Rabat, na zile ambazo hazina mtu popote. Akaulizia mapato, mashamba, visima, shule na nyumba. Kwa hiyo akaweza kulinganisha, kazi ambayo wengi waliokuwa wakihubiri juu ya "faida" au "hasara" za uhamaji hawakuwahi kuifanya.

Wazee wa Todgha walikuwa na historia ndefu ya kutoka. Babu zao walikwenda kuvuna na kujenga Algeria enzi za Wafaransa. Kisha miaka ya 1960 akaja Félix Mora, mwandikishaji wa migodi ya makaa ya mawe ya kaskazini mwa Ufaransa. Mora alizunguka kusini mwa Morocco akichagua vijana kwa macho na kwa kuwapapasa misuli. Aliyefaa aligongwa muhuri wa kijani kifuani, aliyekataliwa akapigwa mwekundu. Makumi ya maelfu walikwenda hivyo. Serikali ya Morocco haikulalamika. Ilikuwa imetiliana mikataba ya vibarua na Ujerumani Magharibi na Ufaransa mwaka 1963, Ubelgiji 1964 na Uholanzi 1969, na mpango wake wa maendeleo wa 1968 hadi 1972 ulitaja wazi kwamba watu waende, walete fedha za kigeni. Kuwapunguza vijana katika maeneo ya Waberberi yenye historia ya kuasi kulikuwa faida ya ziada kwa mfalme.

Halafu likaja swali la kurudi. Mpango wa pande zote mbili ulikuwa wafanye kazi miaka michache kisha warejee, na wengi ndivyo walivyokuwa wakifanya, wanakwenda na kurudi. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla, viwanda vya Ulaya vikayumba, milango ikafungwa. Kwa hesabu ya ofisini, kufunga mlango kungepunguza idadi ya Wamorocco. Kilichotokea ni kinyume. Aliyekuwa ndani alijua akitoka hataingia tena, kwa hiyo akakaa, na kwa kuwa amekaa akaita mke na watoto. Jamii ya Wamorocco wa Ulaya ikakua kuliko wakati wa milango wazi.

Mkasa ukajirudia. Hadi mwanzo wa miaka ya 1990 Mmorocco aliweza kwenda Hispania au Italia bila viza, akachuma matunda msimu mmoja, akarudi. Italia ikaweka viza mwaka 1990, Hispania 1991. Ndipo vyombo vidogo vya wavuvi vikaanza kubeba watu usiku kuvuka mlango wa Gibraltar. Kila habari unayoisoma leo kuhusu maiti za Mediterania ina mizizi yake hapo, na bado wanasiasa wanaitaja viza kama dawa ya ugonjwa ambao viza yenyewe ilisaidia kuuanzisha. Huu ndio mchango wa de Haas ninaouthamini kuliko yote: kizuizi hupunguza wanaoingia, lakini hupunguza pia wanaotoka, kwa hiyo hakikupi ile idadi ndogo uliyoahidiwa.

Na hela je? Hapa Todgha ina mengi ya kusema, na kwa msomaji wa Moshi, Kisii au Pemba yatasikika kama ya jirani.

Kwa miaka mingi wachumi waliwasema vibaya wahamiaji kwa kupoteza fedha katika majumba. Mtu yuko Ufaransa, amejenga ghorofa kijijini, halikaliwi na mtu. De Haas alikuta majumba hayohayo na akauliza nani aliyeyajenga. Mafundi na vibarua wa humohumo, wengi wao kutoka kaya zisizo na mtu Ulaya, na wengine wamehamia Tinghir kutoka sehemu maskini zaidi kufuata kazi hiyo. Saruji inauzwa, usafiri unauzwa, mama lishe anauza. Tena kwa familia iliyokuwa ikiishi kwa kubanana katika ngome ya udongo pamoja na ukoo mzima, nyumba yake mwenyewe ni afya na heshima. Mchumi aliyeiita upotevu huenda naye amelala nyumba nzuri.

Lakini hakuipaka sukari picha hiyo. Wenye hela za Ulaya walinunua pampu za dizeli wakachimba visima katika sehemu ya chini ya bonde na kwenye ardhi kavu iliyokuwa haijawahi kulimwa. Mashamba mapya yakachanua. Maji ya chini yakashuka, mifereji ya kale ya chini ya ardhi ikaanza kukauka, na mkulima asiye na mtu ughaibuni wala pampu akabaki kutazama mitende yake ikinyauka. Mamlaka ya kijiji iliyokuwa ikigawa zamu za maji haikuwa na amri juu ya kisima cha mtu binafsi.

Kuna sehemu nyingine ya habari hiyo ambayo haimo katika taarifa za benki yoyote. Katika oasisi zile kuna watu weusi waitwao haratin, ambao kwa vizazi walilima mashamba ya wengine kwa malipo ya fungu moja katika matano ya mavuno. Hawakuwa na ardhi wala kauli. Uhamaji uliwapa njia. Waliokwenda Ulaya walirudi na fedha za kununua ardhi ya mabwana zao wa zamani, na watoto wao wakasoma. Kipimo cha kawaida cha tofauti ya kipato kitakwambia kwamba uhamaji uliongeza tofauti kati ya kaya na kaya, na ni kweli. Hakitakwambia kwamba tofauti ya zamani ilikuwa ya damu na rangi, na hii mpya ni ya nani ana kaka Lille, Ufaransa. Mimi sijui namna ya kuyaweka haya mawili kwenye mizani moja, na nawaonea shaka wanaodai wanajua.

Kuhusu wanawake walioachwa, matokeo hayakumfurahisha mtu. Utafiti aliouandika pamoja na Aleida van Rooij ulionyesha kwamba hali ya maisha ya wake wa wahamiaji ilipanda, lakini mamlaka waliyoyapata mume akiwa mbali yalikuwa ya muda na wengi waliyaona mzigo, si ushindi.

Kutoka Todgha akaenda Oxford, ambako mwaka 2006 ilianzishwa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa uhamaji chini ya Stephen Castles. De Haas alikuwa miongoni mwa waanzilishi na baadaye akawa mkurugenzi. Hapo kazi ilibadilika sura: kutoka kaya 500 hadi mataifa kadhaa kwa mpigo. Kwa ruzuku ya baraza la utafiti la Ulaya, timu yake ilikusanya mabadiliko ya sera za uhamiaji zaidi ya 6,500 katika nchi 45, mengi yakiwa ya tangu 1945. Ikaonekana kwamba, licha ya makelele ya majukwaani, sera nyingi zilikuwa zikilegea, huku zikizidi kuchagua: daktari na mwekezaji wafunguliwe, kibarua na mkimbizi wafungiwe. Hotuba ni za ukuta, sheria ni za mlango wenye bawabu. Tangu 2015 yuko Amsterdam kama profesa wa sosholojia, na mwaka 2023 alitoa kitabu cha kuuza kwa umma ambacho kimemfanya asikike redioni.

Nadharia aliyoijenga njiani ina maneno mawili tu, hamu na uwezo. Ili mtu ahame anahitaji kutaka na anahitaji kuweza. Maskini wa mwisho anaweza kutaka sana, lakini hana nauli, hana wa kumpokea, hana cheti. Wakala wa Nairobi au Dar es Salaam anayekusanya malipo ya safari anajua hilo bila kusoma nadharia yoyote. Mpe mtu huyo shule, barabara na simu, uwezo wake unapanda, na hamu inapanda kwa kasi zaidi, kwa sababu shule haimfundishi mtoto kutamani jembe. Ndiyo maana Morocco, Mexico na Ufilipino, nchi za kipato cha kati, zimetoa wahamiaji wengi kuliko nchi maskini kabisa. Na ndiyo maana, kama alivyoandika na Marie-Laurence Flahaux mwaka 2016, Waafrika wengi wanaohama huhamia nchi nyingine za Afrika. Duniani kote, wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa ni milioni 304 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya 2024, chini ya wanne katika kila mia, na tangu 1960 sehemu hiyo imekuwa ikizunguka karibu na asilimia tatu.

Hoja hii si yake peke yake. Mwanajiografia Wilbur Zelinsky aliichora mwaka 1971. Mchumi Michael Clemens ameipa namba: kuhama huongezeka hadi wastani wa kipato ufike kama dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka, ukizingatia uwezo wa kununua, ndipo kuanza kushuka. Kenya, Uganda na Tanzania zote ziko chini ya hapo.

Hata hivyo si fatuwa. Watafiti wawili wa Kiel, Ujerumani, David Benček na Claas Schneiderheinze, walifuatilia nchi zilezile mwaka hadi mwaka badala ya kulinganisha nchi maskini na tajiri kwa wakati mmoja, na kile kilima cha kupanda kisha kushuka kikatoweka: uchumi ukikua, waliokwenda nchi tajiri walipungua. Ni ukosoaji mzito, na de Haas wa redioni huzungumza kana kwamba umeshajibiwa. Ukiniuliza, naona pande mbili zinapima vitu tofauti. Miaka michache ya uchumi kukua humpa mtu sababu ya kusubiri. Vizazi viwili vya shule humpa sababu ya kuondoka. Lakini hata wale wa Kiel wakiwa sahihi, mfuko wa Valletta haunusuriki. Wao wanazungumzia uchumi wa nchi nzima kukua. Mfuko ulizungumzia mafunzo ya ushonaji na ufugaji wa kuku kwa miaka mitatu. Mwaka 2018 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya wenyewe waliandika kwamba mfuko hauna mwelekeo, na mwaka 2024 walirudi wakasema karibu yaleyale.

Oliver Bakewell, mwenzake wa Oxford, alikwishaandika 2008 kwamba maendeleo barani Afrika, tangu ukoloni, yamebeba dhana kuwa mtu mwema ni yule aliyetulia kwao. Hapa kwetu hilo halihitaji ushahidi wa mbali. Serikali ya kikoloni Kenya ilimvika Mwafrika kipande shingoni ili ijue ametoka wapi na yuko kwa nani. Tanganyika iliwakusanya manamba kwenda kwenye mkonge, kisha ikalalamika wakibaki mjini. Uhuru haukuiua dhana hiyo. Mwaka 1983 operesheni ya Nguvu Kazi iliwasomba wasio na ajira rasmi Dar es Salaam na kuwapeleka vijijini. Wengi walirudi. Mradi wa yuro unaomfuata kijana kijijini ili asiondoke ni mjukuu wa operesheni ile, ila wenyewe unakuja na semina na chai.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewasema Wazungu tu, na hilo ni rahisi mno. Serikali zetu nazo zimeligeuza swali lile kichwa chini. Ulaya inauliza namna ya kuwabakisha watu; sisi tunauliza namna ya kuwapeleka ili watume dola. Kenya ilipokea kutoka kwa watu wake walio nje dola bilioni 4.9 mwaka 2024, kwa takwimu za Benki Kuu, fedha nyingi kuliko inazopata kwa kuuza chai. Septemba mwaka huohuo ilitia saini makubaliano ya uhamaji na ajira na Ujerumani, na mpango wa Kazi Majuu unawasaili vijana kwa ajili ya ajira za nje. Tanzania mwaka 2025 ilibadili sheria kuwapa hadhi maalumu raia wake wa zamani, hatua iliyodaiwa na wanadiaspora miaka nenda miaka rudi, ambayo wasemaji wa serikali waliinadi hasa kwa lugha ya uwekezaji.

Sina ugomvi na mtu kwenda. Nina ugomvi na hesabu yenye safu moja. Morocco iliifanya hesabu hiyo miaka ya 1960: ikawatoa watu, ikapokea fedha, na ilipotaka kuwadhibiti ikaanzisha vyama vya kuwapeleleza hukohuko Ulaya. Fedha zilikuja kweli. Leo zinapita dola bilioni 10 kwa mwaka. Ila de Haas anarudia, na Todgha inamuunga mkono, kwamba fedha za ndugu haziwezi kuziba pengo la serikali. Mhamiaji anaweza kuchimba kisima chake, hawezi kutunga sheria ya maji. Anaweza kumsomesha mdogo wake, hawezi kuleta ajira ya kumngoja akihitimu. Pale serikali isipoaminika, fedha hizo humwezesha mdogo mtu naye kuondoka.

Kenya haikukosa mtu wa kuyasema haya. Profesa John Oucho, mwanademografia aliyefundisha Nairobi, Botswana na Warwick na kuanzisha kituo cha sera za uhamaji Nairobi, alichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya wahamiaji wa mjini na maendeleo ya vijijini nchini Kenya: anayefanya kazi Nairobi na anayelima Nyanza kama uchumi mmoja wa familia moja. Mwaka 2002 akaeleza namna uhamaji wa ndani kuelekea Bonde la Ufa ulivyofungamana na ghasia za kikabila. Ni uhamaji wa watu wengi zaidi kuliko wote wanaopanda ndege katika uwanja wa JKIA, Nairobi, na ni nadra kuusikia ukijadiliwa, kwa kuwa hauingizi dola na hautishi Brussels.

Tazama tunavyopima. Benki Kuu ya Kenya ilifanya mwaka 2021 uchunguzi mahsusi wa fedha za diaspora. Uliwauliza Wakenya walio nje wanatuma kwa njia gani, kwa gharama gani, na kwa matumizi yapi. Ni kazi yenye manufaa, hasa kwa anayetaka ada za kutuma zipungue. Lakini aliyeulizwa ni mtumaji. Jirani asiye na mtu Doha wala Dallas, ambaye bei ya kiwanja kijijini kwake imempita kwa sababu ya fedha hizohizo, au ambaye kinyume chake anakula kwa kuchanganya zege kwenye nyumba ya mwenye mtoto Minnesota, hakuwa kwenye orodha ya kuhojiwa. Katika utafiti wa Todgha alikuwamo.